Mlio wa Simu Yetu

Fundi Lukombe alikuja Jumanne,
akafungua kasha kwa bisibisi ya kuazima,
akapuliza vumbi la Magomeni likaturudia machoni.
Bi Stumai, akasema, kadi hii tupa.
Ukitaka modemu nunua ya nje, yenye taa.
Hii ya ndani akili yake imebaki kwenye Windows,
kwa Linux ni bubu.
Akachukua elfu tano kwa kusema hivyo.

Mimi nachapa barua za watu: wasifu, mikataba ya vyumba,
malalamiko kwa afisa ardhi, nakala tatu.
Elfu tano ni kurasa ishirini na tano.
Kwa hiyo usiku, bei ya simu iliposhuka,
nilivuta stuli nikamuuliza mgonjwa mwenyewe.

Nikatoa amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa.
Kadi ikajitaja: jina, namba, ukoo wa chipu yake.
Maiti haijitaji jina.
Ilikosa dereva tu.
Dereva! Gari lipo, barabara ipo,
abiria nimekaa na mkoba magotini,
usukani hauna mtu.
Nikampata kwenye sidii ya mwanafunzi wa Mlimani,
vipande vipande, wa kuunganishwa kwa mkono.
Kosa mstari wa arobaini. Kosa mstari wa tisini na moja.
Kisha umeme ukakatika,
nikabaki gizani nasikiliza feni ya mashine ikipunguza mwendo
kama mtu anayemeza neno.

Usiku wa pili dereva akaingia.
Naandika AT. Inajibu OK.
Nikaziba mdomo nisiamshe watoto.
Herufi mbili kwa herufi mbili:
hodi, karibu.
Nikaiambia, haya, piga.
Ikakaa. Ikaandika: hakuna mlio.

Hakuna mlio?
Nikanyanyua mkonga wa simu ya mezani:
mlio huu hapa,
mnene, wenye kukwaruza kidogo,
ule ule tangu baba alipoletewa laini
akaitia simu kufuli kwenye tundu la namba
tusije tukapiga bila ruhusa.
Nikausogeza mkonga kwenye kasha la chuma.
Sikia basi, we!
Hakuna mlio.

Nikabadili waya. Nikasugua shaba kwa wembe.
Nikamshuku Mama Tunsume wa ukuta wa pili,
ambaye hajawahi kunikosea.
Bado kidogo nimpigie magoti Lukombe.

Usiku wa tatu, saa tisa imepita,
nikasoma maelezo yaliyokuja na dereva,
yale ambayo kila mtu huyaruka.
Kumbe kadi imelelewa kwingine.
Imefundishwa mlio wa kwao,
sauti mbili laini zilizopandana,
na ikisikia wetu haisemi siuelewi,
inasema haupo.

Watu wa hivyo nawajua.
Wanakaa nyuma ya dirisha ofisi ya ardhi:
mama, faili lako halipo,
na faili liko chini ya kiwiko chake,
naliona, jalada nimelichapa mimi.

Dawa ilikuwa herufi moja na tarakimu moja, X3.
Maana yake: usingoje mlio.
Piga tu.

Ikapiga.
Ikapuliza mluzi, ikakoroma,
ikakwangua kama nazi mikononi mwa mtu aliyenuna,
halafu kimya,
lakini si kile kimya cha kukatika.

Ujumbe ulikuwa mmoja.
Niliutuma mwenyewe mchana ule, Mwembechai,
kwenye duka la intaneti, mia tano nusu saa.
*Jaribio. Ukiipata hii, jibu.*

Dakika zinahesabiwa, pesa inakwenda,
na mimi, mchapaji wa miaka kumi na tisa,
natafuta herufi kwa kidole kimoja.